Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha, Waziri wa Nishati na Wabunge: mpangaji analipa kodi ya jengo lisilo lake

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mpangaji katika nyumba ya vyumba huko Tandika, Wilaya ya Temeke, na ninaandika kabla hotuba ya bajeti haijasomwa Dodoma, kwa sababu uzoefu umetufundisha kwamba hotuba hiyo ikishasomwa na Muswada wa Fedha ukishapita, wananchi hubakiwa na kazi ya kuzoea tu. Jambo ninalolileta kwenu linaonekana dogo likitazamwa kwa shilingi zake, kwani linahusu makato na bei za umeme tunaonunua kwa LUKU, yaani mita ya kulipia kabla. Hata hivyo, ni jambo linalogusa kaya nyingi za mijini kila mwezi, na linagusa zaidi zile zenye kipato kidogo, tena kwa namna ambayo siamini kuwa Bunge lilikusudia.

Nianze na kodi ya majengo. Hadi mwaka 2021 mwenye nyumba ya kawaida mjini alilipa Sh10,000 kwa mwaka, na wengi wao, tuseme kweli, hawakulipa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ikabadilisha utaratibu, na kuanzia Agosti 20 mwaka huo kodi hiyo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 viwango vikapanda hadi Sh1,500 na Sh7,500. Kwa hiyo katika muda wa miaka miwili kodi ya nyumba ya kawaida ilitoka Sh10,000 hadi Sh18,000 kwa mwaka, ongezeko la asilimia 80, na wakati huohuo mlipaji wake akabadilika bila sheria kutamka hivyo. Sheria bado inamtambua mmiliki wa jengo kuwa ndiye mdaiwa, ilhali mita inamkata yeyote anayenunua umeme, na katika maelfu ya nyumba za Tandika, Mbagala, Buguruni na Manzese anayenunua umeme ni mpangaji.

Ninaelewa sababu ya uamuzi ule. Kumfuata mwenye nyumba mmoja mmoja kulihitaji watumishi, hati za madai na muda, na fedha iliyopatikana mwisho wake ilikuwa ndogo, wakati umeme wa LUKU hulipiwa kabla haujatumika na hakuna kaya inayoweza kukaa gizani ili kukwepa kodi. Ila ndipo lilipo tatizo lenyewe. Swali la nani anapaswa kulipa lilijibiwa kwa kuangalia ni wapi fedha inapatikana kwa urahisi zaidi, na urahisi huo ukawa mzigo wa mtu ambaye hana hati ya nyumba, hana haki ya kuiuza wala kuirithi, na anaweza kuambiwa aondoke mwisho wa mkataba.

Makato yenyewe hufanyika katika ununuzi wa kwanza wa mwezi. Mama anayefanya biashara ndogo hanunui umeme wa mwezi mzima kwa mara moja, hununua wa Sh2,000 leo na wa Sh1,000 keshokutwa, kadiri mauzo yalivyokwenda. Tarehe mosi akinunua wa Sh2,000, Sh1,500 zinaondoka kwanza, na zile Sh500 zinazobaki, kwa bei ya kundi la T1, lile la watumiaji wa kawaida wa majumbani, zinampatia uniti 1.4. Kama chumba au nyumba ilikaa miezi kadhaa bila umeme kununuliwa, deni huwa limejikusanya, na anayehamia hulikuta likimsubiri kwenye mita, naye hulilipa ili watoto wapate mwanga, ingawa miezi hiyo alikuwa akiishi mtaa mwingine kabisa.

Malalamiko yalipoanza mwaka 2021, Serikali ilieleza kwamba mpangaji akubaliane na mwenye nyumba wake ili fedha hiyo ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Waheshimiwa, naomba mlitazame jibu hilo kwa macho ya mtu aliyepanga. Kodi ya pango katika mitaa yetu hulipwa kwa mkupuo, miezi mitatu, sita au mwaka mzima, na hulipwa kabla ya kuingia. Mikataba mingi ni ya mdomo, na iliyoandikwa haitaji kodi ya jengo. Nyumba moja ina wapangaji watano au sita wanaochangia mita moja, hivyo ile Sh18,000 ya mwaka ikigawanywa kwa kaya tano kila moja inadai Sh3,600. Ni nani atakwenda kwa baba mwenye nyumba kudai Sh3,600, akijua kwamba chumba chake kina watu watatu wanaokiulizia, na kwamba mkataba ukiisha bei inaweza kupandishwa kwa kiasi chochote? Fedha hiyo ni ndogo mno kuigombea, na kwa sababu hiyo hairudi. Wenye nyumba waungwana wapo, na ninawaheshimu, lakini kodi ya nchi haiwezi kusimamiwa kwa kutegemea uungwana wa mtu.

Kuna pia suala la uzito wa kodi hiyo kwa kila kaya. Mjane anayeishi peke yake kwenye nyumba ya matofali na bati, akitumia uniti 20 kwa mwezi katika kundi la D1, lile la bei nafuu kwa watumiaji wadogo, analipia umeme Sh2,440 pamoja na kodi na tozo zake. Ukiongeza Sh1,500 za jengo, anakuwa amelipa nyongeza inayozidi nusu ya gharama ya umeme wenyewe. Nyumba kubwa isiyo ya ghorofa, yenye viyoyozi na majokofu, inayotumia uniti 500 katika T1, inalipa umeme wa takriban Sh178,000, na Sh1,500 ileile haifiki hata asilimia moja ya malipo hayo. Kiwango ni kimoja kwa sababu zote mbili zinaitwa nyumba za kawaida. Sidhani kama yupo mbunge anayeweza kusimama mbele ya wapiga kura wa jimbo lake na kuutetea mlingano huo kwa hoja ya haki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halizungumzwi sana, na ambalo kwa hesabu zangu linazinyima kaya maskini fedha nyingi kuliko kodi ya jengo yenyewe. Serikali, kwa nia njema ninayoishukuru, iliweka bei nafuu kwa mtumiaji mdogo wa majumbani. Yeyote ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi huingia kundi la D1 na kulipa Sh100 kwa uniti, na akizidisha, uniti za ziada hutozwa Sh350. Wengine wa majumbani huwa T1, Sh292 kwa uniti. Juu ya bei hizo hukaa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, kwa hiyo uniti ya D1 humfikia mnunuzi kwa Sh122 na ya T1 kwa takriban Sh356. Tofauti hiyo ya karibu mara tatu ndiyo ruzuku tunayoambiwa kwamba inamlinda mnyonge.

Lakini ruzuku hiyo inahesabiwa kwa mita, haihesabiwi kwa kaya. Chukueni nyumba yenye wapangaji watano, kila mmoja akitumia uniti 40 kwa taa, televisheni, feni na pasi. Hakuna kati yao anayekaribia uniti 75. Wakiwa kwenye mita moja matumizi yao yanafika uniti 200, na nyumba nzima inatozwa kama mtumiaji mkubwa: Sh71,248 kwa mwezi, yaani zaidi ya Sh14,200 kwa kila kaya. Kaya hizohizo, kwa matumizi hayohayo, zingekuwa na mita tano za D1 zingelipa Sh4,880 kila moja. Kila kaya inalipa zaidi ya Sh9,300 kila mwezi, zaidi ya Sh110,000 kwa mwaka, kwa kosa la kuishi chumba kimoja ndani ya nyumba ya mtu. Na kijana mwenye ajira nzuri, anayeishi peke yake katika nyumba yake na kurudi usiku tu, anaweza kuwa ndani ya D1 bila tatizo. Bei iliyowekwa kwa ajili ya maskini inamkosa maskini wa mjini kwa sababu maskini wa mjini hana mita.

Hapo hatujataja mvutano unaozaliwa ndani ya nyumba. Kuchangia umeme ni chanzo cha ugomvi katika nyumba za kupanga. Mwenye jokofu analaumiwa na asiye nalo, anayepiga pasi asubuhi anasemwa, mwenye mtoto mchanga anayehitaji maji ya moto usiku anaonekana mharibifu, na mchango wa mwezi unapochelewa kwa mmoja wote wanalala gizani. Wengine wamefunga mita ndogo za ndani ili kila mmoja aone matumizi yake, jambo linalopunguza maneno, lakini mita hizo hazibadilishi bei hata kidogo, kwani umeme umeshanunuliwa kwa T1 kwenye mita kubwa.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni kila mpangaji kuomba mita yake. Gharama ya kuunganishwa umeme iliwahi kushushwa hadi Sh27,000, na wengi walinufaika, lakini Januari 2022 kwa maeneo ya mijini ilirudishwa hadi Sh320,960 kwa mteja wa njia moja asiyehitaji nguzo, na kijijini ikabaki Sh27,000. Anayepanga chumba hawezi kutumia Sh320,960 kwenye ukuta wa nyumba ambayo anaweza kuhama baada ya miezi sita, na mwenye nyumba hana sababu ya kuzitumia wakati wapangaji wanalipa umeme wao wenyewe. Hivyo uamuzi mmoja, uliotolewa kwa hoja ya gharama za shirika la umeme, umefunga mlango ambao uamuzi mwingine, ule wa bei nafuu, ulikusudia kuufungua. Ninaamini kila wizara ilifanya hesabu zake kwa uangalifu. Ninachoona kukosekana ni mtu aliyekaa chini akaziweka hesabu hizo zote katika kaya moja.

Ninaikazia hoja hii kwa sababu nyingine ya msingi. Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Ni lengo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwani nimewaona mama zetu wakikohoa juu ya jiko la mkaa katika vyumba visivyo na dirisha la maana. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Kwa bei ya D1 chungu hicho hakifiki Sh122, na hakuna mkaa unaoweza kushindana nacho. Lakini katika nyumba yenye mita ya pamoja, mpangaji akileta jiko la umeme wenzake watamwekea kikao, nao watakuwa na haki, kwa sababu kila uniti yake ni Sh356 kutoka kwenye mfuko wa wote. Ataendelea kununua mkaa wa kupimiwa kwenye kopo, ambao ndio ghali kuliko wa gunia, kwa kuwa hana fedha ya gunia kwa mara moja. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, mitambo yake tisa ina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, na limejengwa kwa kodi zetu sote. Umeme upo. Kinachomzuia mama wa Tandika kuupikia ni jinsi bei yake ilivyopangwa.

Nafahamu kwamba Serikali inahitaji mapato. Barabara za mitaa, zahanati na mishahara ya walimu havijengwi kwa maneno, na sijawahi kuwa miongoni mwa wanaotaka huduma bila kodi. Nafahamu pia kwamba Serikali hii imewahi kusikiliza. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 15, 2021, ikitoka Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30; mwaka uliofuata kiwango cha juu kikashushwa hadi Sh4,000, kisha kuanzia Oktoba 2022 baadhi ya makato yakafutwa. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 2022 kutokana na vita ya Ukraine, Serikali ilitoa ruzuku ya Sh100 bilioni kuanzia Juni. Hizo zilikuwa hatua za kuungwa mkono. Lakini tozo ya simu ilipata msukumo kwa sababu iliwagusa pia wafanyabiashara, wafanyakazi na wenye sauti mitandaoni, na mafuta yaliwagusa wenye magari. Mpangaji wa chumba hana chama chake, na ile Sh1,500 inamwondoka bila kelele.

Nauli nayo inatufundisha jambo. Mei 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilometa 10 ilipanda kutoka Sh400 hadi Sh500, na Desemba 2023 ikawa Sh600. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ipo miezi ambayo bei hushuka, lakini nauli haijarudi nyuma. Kila gharama inayopandishwa juu ya kaya huwa inakaa, hata sababu yake inapokuwa imeondoka. Ndiyo maana tunaomba mtazame mapema, kabla ya kupitisha.

Ninachoomba kinawezekana ndani ya bajeti moja. Kwanza kabisa, sheria itamke kwamba stakabadhi ya LUKU inayoonyesha makato ya kodi ya jengo ni malipo halali ya sehemu ya kodi ya pango, ili mpangaji asiwe anaomba hisani bali anapunguza deni lake kisheria, na mwenye nyumba asiwe na uwezo wa kulikataa hilo. Hatua hiyo haiigharimu Hazina hata shilingi moja. Kwa muda mrefu zaidi, kodi hiyo idaiwe kwa mmiliki mwenyewe kwa namba yake ya mlipakodi au ya kitambulisho cha taifa, kwani mifumo hiyo ipo na imekwisha kugharamiwa, na deni la nyumba lisimfuate mtu aliyehamia jana.

Kuhusu mita za pamoja, ninaomba ukomo wa uniti 75 uhesabiwe kwa idadi ya kaya zilizomo katika nyumba. Nyumba yenye kaya tano ipewe uniti 375 za bei nafuu. Najua mtauliza ni nani atathibitisha idadi hiyo, na hofu ya udanganyifu ni ya kweli. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anazifahamu nyumba zake, na barua yake tayari inakubalika kwa mtu anayefungua akaunti ya benki au kumwekea dhamana ndugu yake. Ikikubalika kwa mambo hayo, iweze kukubalika kwa umeme, ikahakikiwa kila mwaka na kuadhibiwa pale inapokuwa ya uongo. Kama hilo linaonekana gumu kwa haraka, basi gharama ya kuongeza mita katika nyumba ambayo tayari ina umeme itenganishwe na gharama ya kuunganisha nyumba mpya, ishushwe, na ilipwe kidogo kidogo kupitia ununuzi wa umeme, kama mnavyokata kodi ya jengo leo.

Kwenu Waheshimiwa Wabunge nina ombi la peke yake. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, maana yake kila shilingi inayokatwa kwenye mita yangu imepita mikononi mwenu. Ninaomba Muswada wa Fedha wa mwaka huu usipitishwe bila kiambatisho kinachoonyesha, kwa kila kodi na tozo inayobadilishwa, itaongeza au itapunguza kiasi gani katika matumizi ya mwezi ya kaya ya watu watano inayopanga vyumba viwili mjini, na ya kaya ya ukubwa huohuo inayolima kijijini. Wataalamu wa Wizara ya Fedha na Ofisi ya Taifa ya Takwimu wanao uwezo wa kuandaa jedwali hilo, na wabunge wakiwa nalo mezani hakutakuwa na haja ya mtu kusubiri malalamiko ya mitaani ili ajue alichokipitisha.

Ningependa kupata majibu ya hoja hizi ndani ya hotuba zenyewe, kwa takwimu, hasa hoja ya mita za pamoja, ambayo sijaisikia ikijibiwa na wizara yoyote. Kama hesabu zangu zina kasoro, onyesheni ilipo, nami nitaipokea. Kama hazina, basi bei ya D1 iwafikie wapangaji kuanzia Julai mosi, siku ambayo mwaka mpya wa fedha unaanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji na mlipakodi,
Tandika, Dar es Salaam